Kibao cha kusimamishia karata kwa mzee aliyepooza mkono: naomba vipimo na ushauri wa mbao

Fundi kijana, Tanga

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni seremala mwenye karakana ndogo, na kazi yangu ya kila siku ni milango, vitanda na meza. Naandika kwa sababu ami yangu alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kushoto haushiki tena kitu kwa uhakika. Karata ndiyo starehe yake kuu ya jioni, na wenzake wa barazani wangali wanamwekea nafasi kila siku, lakini mtu hawezi kushika karata 13 kwa mkono mmoja na kuzichagua kwa mkono huohuo. Akiziweka chini kifudifudi, analazimika kuzifunua moja baada ya nyingine kila zamu inapomfikia, na wenzake wanaona kila anachokifanya.

Nataka kumchongea kibao chenye mfuo, ambacho karata zitasimama zenyewe mbele yake zikimtazama yeye peke yake. Nimeona picha za vibao vya namna hiyo, vingine vimenyooka na vingine vimepinda kama upinde, lakini picha hazionyeshi vipimo. Maswali yangu ni haya: mfuo uwe na upana na kina gani ili karata zisimame bila kubanwa wala kuanguka? Kibao kilalie nyuma kwa kiasi gani? Je, umbo la kupinda lina faida ya kweli au ni urembo tu? Na kati ya mninga, mvule na msaji, ni mbao ipi inafaa zaidi kwa kazi hii ndogo? Sina mashine ya kuchimbia mifuo. Nina misumeno ya mkono, randa, patasi, tupa na jiriwa nzuri.

Nikifanikiwa, ningependa pia kumtengenezea kasha la kuhifadhia karata zake, kwa kuwa zile anazonunua huchakaa upesi kwa unyevu wa pwani.

Fundi wa samani, Dar es Salaam

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hii ni kazi inayostahili kufanywa kwa makini, maana kifaa ni kidogo na kila kosa la milimita moja linaonekana.

Anza na karata yenyewe, usianze na mbao. Karata za kawaida zina urefu wa karibu milimita 89. Upana wake ni wa aina mbili: pana zina karibu milimita 63, na nyembamba, ambazo wachezaji wa briji huzipendelea, zina karibu milimita 57. Unene wa karata moja ni takriban theluthi moja ya milimita. Karata zikipangwa kwa kupandana, kila sehemu ya mfuo hubeba unene wa karata tatu, nne au tano kwa pamoja, yaani kama milimita moja na nusu. Kwa hiyo mfuo wa milimita 3 unatosha: una nafasi ya kutosha kwa karata kuingia na kutoka kwa kidole kimoja, na haujalegea kiasi cha kuziacha zilale. Kina kiwe milimita 12. Ukizidisha, unazificha karata bila sababu. Ukipunguza sana, upepo wa feni utaziangusha.

Kuhusu urefu, fanya hesabu ifuatayo. Mchezaji anahitaji kuona kona ya juu ya kushoto ya kila karata, mahali palipoandikwa namba na alama ya shupaza, kopa, uru au pao. Ukiipa kila karata milimita 18 za kuonekana, karata 12 za kwanza zitachukua milimita 216, na ya mwisho itaonekana yote, milimita 63. Jumla ni milimita 279. Kibao cha sentimita 30 kitamtosha ami yako bila karata kusongamana.

Sasa namna ya kuutengeneza mfuo bila mashine. Usiuchimbe, ujenge. Chukua mbao tatu za urefu wa sentimita 30: ya mbele yenye unene wa milimita 15, ya nyuma yenye unene wa milimita 25, na katikati yake ukanda wa habodi au plaiwudi ya milimita 3. Mbao za mbele na nyuma ziwe na kimo cha milimita 45, na ule ukanda wa katikati uwe na kimo cha milimita 33. Zigandishe kwa gundi zikiwa zimelingana chini, na pale juu utapata mfuo wa milimita 3 kwa 12, ulionyooka kuliko ambao ungeuchimba kwa patasi. Kabla gundi haijakauka, pitisha ndani ya mfuo ukanda mwembamba wa mbao uliopakwa nta ili kuondoa gundi iliyofurika, kwa sababu ikikauka humo ndani hutaifikia tena.

Gundi ikishakauka vizuri, ndipo unapoamua mlalo. Piga randa chini ya kibao ukiondoa mbao upande wa nyuma, ule ulio mbali na mchezaji. Kwa kuwa unene wote ni milimita 43, ukiondoa milimita 16 kwenye ukingo wa nyuma na kuishia na sifuri kwenye ukingo wa mbele, kibao kitalala nyuma kwa nyuzi 20 hivi, na kwa mchezo wa mezani huo ndio mlalo ninaoupenda. Usiogope kwamba kitapinduka: karata 13 hazifiki gramu 30, na kibao cha mninga cha ukubwa huo kina uzito wa karibu robo kilo.

Umbo la kupinda lina faida ya kweli, nalo si urembo. Kibao kilichopinda kumzunguka mchezaji huzielekeza karata zote kwenye macho yake, na zile za pembeni hazionekani kwa jirani aliyeketi kulia au kushoto. Hata hivyo kuna mpaka. Karata imenyooka na mfuo umepinda, kwa hiyo katikati ya karata huachana na mkunjo kwa kiasi fulani. Mkunjo wa nusu kipenyo cha sentimita 40 huachana na karata pana kwa milimita moja na robo, na mfuo wa milimita 3 unalimudu hilo. Ukiukunja hadi nusu kipenyo cha sentimita 20, mwachano unakuwa milimita mbili na nusu. Hapo karata huanza kukwama na kupinda, na karata iliyopinda inatambulika na kila mtu mchezoni. Kwa zana ulizo nazo ningeanza na kilichonyooka, kisha kile cha mkunjo nikakipeleka kwa mwenye mashine.

Mbao: mninga, bila kusita. Ukishakauka haujikunji wala kutanuka sana kwa mabadiliko ya hewa, unakubali randa, na rangi yake huzidi kupendeza kwa kushikwashikwa. Msaji nao ni mzuri, ila una mafuta ya asili, hivyo upige randa na kuupaka gundi siku hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda juu. Mvule ni imara, lakini mara nyingine hubeba ndani yake chembe ngumu kama mawe ambazo huua makali ya patasi, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Kwa mbao yoyote kati ya hizo, funga barakoa unapopiga msasa.

Mchezaji wa siku nyingi, Unguja

Mwanangu wa Tanga, Mwenyezi Mungu amjaalie ami yako nafuu. Fundi wa Dar es Salaam ameeleza vizuri, lakini ameeleza kibao cha mezani, nami naomba nieleze kibao cha mkekani, kwa kuwa sisi wengine hatuchezi kwenye meza.

Mtu aliyeketi kwenye mkeka ana macho yaliyo juu sana ya kifaa kilichowekwa sakafuni, na anakitazama kwa kuinamia. Karata zilizosimama kwa mlalo mdogo zinamwonyesha ukingo wake wa juu tu, na ile kona yenye namba inakuwa imekaa upande upande. Atalazimika kujikunja mgongo, na mzee mwenye kiharusi hachukui muda mrefu kuchoka kwa mkao huo. Kwa mkeka, kibao kilale nyuma zaidi, kufikia nyuzi 30, na kwa hesabu ya fundi hiyo ina maana ya kuondoa karibu milimita 25 nyuma badala ya 16. Basi mbao ziwe na kimo cha milimita 55 tangu mwanzo, ukanda wa katikati nao uongezwe kwa kiasi hicho hicho, ili chini pabaki na mwili wa kutosha. Njia nyingine, ambayo mimi naiona bora, ni kukiweka kibao juu ya kijimeza kifupi cha kimo cha sentimita 20 hivi, chenye miguu minne, ambacho wewe kama seremala hakikushindi. Kijimeza hicho kitakuwa pia mahali pa kikombe chake cha kahawa.

Jambo la pili ni heshima ya mchezaji. Sisi tunaocheza kwa jozi, wawili dhidi ya wawili, tunajua kwamba mwenye turufu mkononi hapaswi kuonekana anaitafuta. Ikiwa kibao kinampa shida ya kuzivuta karata, wapinzani watajifunza kusoma shida hiyo. Kwa hivyo ningekuomba uikwaruze kona ya ndani ya mfuo kwa tupa, mbele na nyuma, mpaka iwe ya mviringo, ili karata itoke kwa mguso mmoja. Na upande wa nyuma wa kibao, ule unaotazamwa na wapinzani, usiunakishi kwa kitu chochote kinachong'aa. Vanishi ya kung'aa na taa ya barazani vinaweza kufanya kazi ya kioo, na hilo likitokea kwenye kijimeza kilicho mbele yake, karata zake zinasomwa kutoka chini.

Mtoa tiba ya utendaji kazi, Moshi

Nimefurahi sana kuusoma mjadala huu, kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia watu waliopatwa na kiharusi warudie shughuli wanazozipenda, na mchezo wa karata ni miongoni mwa shughuli zenye manufaa makubwa: unadai kumbukumbu, kuhesabu, kungoja zamu na kuzungumza na watu. Naomba niongeze mambo ambayo fundi hawezi kuyaona kwenye karakana.

Ndugu Fundi, umesema mkono uliopooza ni wa kushoto. Maana yake kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, na kwa baadhi ya watu wa hali hiyo macho ni mazima lakini akili haizingatii vitu vilivyo upande wa kushoto. Mtu huacha kula nusu ya sahani, au husoma nusu ya mstari. Kwenye karata, atacheza kana kwamba zile za kushoto hazipo, na wenzake watadhani amesahau mchezo. Mchunguze kwa upole kabla hujachonga: panga karata 13 mbele yake na umwombe azitaje zote. Akiziruka za kushoto, bandika kwenye ncha ya kushoto ya kibao ukanda wa rangi kali, kwa mfano nyekundu, na mzoeshe kuutafuta kwa macho ule wekundu kwanza kila zamu yake inapofika, kisha asome kuelekea kulia. Kwa mtu wa namna hiyo kibao kifupi chenye safu mbili, ya nyuma ikiwa juu kidogo ya ile ya mbele, ni bora kuliko kirefu cha safu moja, kwa kuwa eneo la kutafuta linapungua.

Kibao kisiteleze. Gundisha chini yake vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwani mtu wa mkono mmoja hana mkono wa pili wa kukizuia. Zaidi ya hapo, usiuache mkono wa kushoto ukae bure pajani. Hata kama haushiki karata, unaweza kuwekwa juu ya ncha ya kibao kama uzito wa kukituliza, na huko kuuhusisha mkono kila jioni kuna thamani kwake. Ncha hiyo iwe pana na laini, bila kona.

Vibao hivi vinawafaa pia wenye baridi yabisi ya vidole, waliokatwa mkono, wanaotetemeka mikono, na watoto ambao viganja vyao bado ni vidogo. Naomba mafundi wengine wanaosoma hapa walizingatie hilo, kwa sababu hospitalini tunaulizwa mara kwa mara vifaa vya kumrudisha mtu kwenye maisha yake, na vingi vya vifaa hivyo vingeweza kuchongwa na seremala wa mtaani.

Mtanzania aliyeko Halifax, Kanada

Salaam kutoka ughaibuni. Huku niliko, wazee wanacheza sana mchezo uitwao cribbage, unaohusishwa na mshairi Mwingereza John Suckling wa karne ya 17, na ambao hauwezi kuchezwa vizuri bila kifaa cha mbao. Alama huhesabiwa hadi 121, na badala ya kuandika kwenye karatasi, kila mchezaji husogeza vijiti viwili katika njia ya matundu iliyotobolewa kwenye ubao. Kijiti cha nyuma huruka mbele ya mwenzake kila alama zinapopatikana, hivyo kile kinachobaki nyuma kinaonyesha alama za awali, na mpinzani anaweza kuhakiki hesabu kwa macho. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, na nadhani fundi wa kwetu angeweza kuutumia hata kwa michezo yetu inayohesabiwa kwa alama.

Kwa anayetaka kujaribu, matundu huwa na kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 3, na ugumu wote uko kwenye kuyapanga. Matundu zaidi ya 240 yakitobolewa kwa jicho tu yatapindapinda. Chonga kwanza kipande cha chuma au mbao ngumu chenye matundu matano yaliyopimwa barabara, kifunge kwenye ubao, toboa, kisogeze, toboa tena. Kwa vijiti hakuna mbao inayoushinda mpingo. Ni mzito hadi unazama majini, hauliki kwa msuguano, na ndiyo maana klarineti hutengenezwa kwa mbao hiyo. Vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji wa vinyago, kama wale wa Mwenge, vinatosha. Kiini chake ni cheusi na mbao ya nje ni ya manjano hafifu, hivyo mti mmoja unakupa vijiti vya wachezaji wawili bila kupaka rangi.

Anayefikiria kuuza nje ya nchi ajue sheria. Mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini tangu Januari 2017, ingawa tangu 2019 bidhaa zilizokamilika hazihitaji kibali cha mkataba huo iwapo mbao hiyo haizidi kilo 10 katika shehena moja. Mninga wa Afrika nao uliingizwa kwa uamuzi wa mwaka 2022, na masharti yake yanahusu magogo, mbao zilizopasuliwa na mengineyo ya namna hiyo. Sheria za nyumbani ni jambo la pekee: nunua mbao kwa muuzaji mwenye hati, na uzitunze risiti zake.

Fundi kijana, Tanga

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja. Nilimwomba ami azitaje karata kama dada wa Moshi alivyoelekeza, na alizitaja zote, kwa hiyo nitakwenda na safu moja. Anacheza kwenye mkeka, basi nitafuata ushauri wa mzee wa Unguja na kumtengenezea kijimeza kifupi pamoja na kibao cha nyuzi 20. Yamebaki mawili: nimalizie kwa kitu gani, na kasha nilitengeneze vipi?

Fundi wa samani, Dar es Salaam

Usitumie vanishi ndani ya mfuo kabisa. Vanishi hupunguza upana, na kwenye joto la pwani, ikiwa haijakomaa vizuri, hunata na kuchuna karata za karatasi. Mzee wa Unguja naye ametaja mng'ao, na sababu hiyo peke yake ingenitosha. Piga msasa mpaka ule laini kabisa, paka mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa kitambaa, futa yote yanayobaki juu, na ukiache kibao kikauke penye hewa hata wiki nzima kabla ya kukikaribisha na karata, kwa sababu mafuta mabichi huzitia madoa. Kisha sugua nta ya nyuki, nayo utaipata kwa wauza asali. Ya Tabora ni safi sana. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa, maana vikirundikana hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Kasha lina sharti moja kubwa, nalo ni mbao kavu. Chukua kipande cha mbao utakayotumia, kipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki, na usianze kazi mpaka uzito wake uache kupungua. Ndani, acha nafasi ya milimita 67 kwa 93 kwa karata pana zikiwa hazina pakiti yake, na kina cha milimita 20 kwa seti moja, ambayo yenyewe ina unene wa kama milimita 16. Kifuniko kiwe cha kusukuma, kikiteleza kwenye mifuo miwili ya pembeni kwa kufuata urefu wa nyuzi za mbao. Mbao hutanuka kwa upana, hivyo kiache kifuniko kilegee kwa milimita moja hivi ukikitengeneza kiangazi, la sivyo masika itakifunga na ami hataweza kukifungua kwa mkono mmoja. Kwa sababu hiyohiyo ya mkono mmoja, kata nusu duara kwenye ukuta wa mbele wa kasha ili kidole gumba kizisukume karata nje, na chini yake gundisha mpira uleule wa baiskeli, kasha lisimkimbie wakati wa kusukuma kifuniko.